Msuko wa Mtoto Si Dhambi



Mwezi Juni shule zifungapo, mabinti wetu hapa Likunja husukwa nywele. Shule nyingi za msingi za serikali huwataka wanyoe, hivyo likizo ndiyo nafasi yao. Mama huketi chini ya mkorosho, mwana katikati ya magoti yake, akamsuka twende kilioni.

Jumapili iliyopita mzee mmoja alimtoa binti mdogo katika maandamano ya vipaji kwa sababu amesukwa. Akataja Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, na wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 2.

Ndugu zangu, tusome aya nzima, si nusu yake. Mitume wote wawili wanataja misuko pamoja na dhahabu na mavazi. Paulo anaongeza lulu na gharama. Walikemea majivuno ya mali. Je, twende kilioni ina lulu gani? Haigharimu hata shilingi moja, ila muda wa mama.

Tukitaka kukemea, tumkemee mzazi anunuaye rasta ilhali mtoto hana daftari, au avutaye nywele hadi kichwa kikatoka vidonda. Lakini kumwaibisha mtoto mbele ya altare ndiko kuwakwaza wadogo, jambo ambalo Bwana alilionya vikali (Mt 18:6).

Jumapili hii binti yule atabeba mkate wa sadaka, na msuko wake kichwani.

Mungu awabariki.