Hospitali Ikishalipwa, Nauli Juu ya Nani?

Mgonjwa wa figo anayeishi Waa, Kwale, huenda kusafishwa damu mara 2 au 3 kwa wiki, na kila safari hukaa kwenye mashine kama saa 4. Aende Msambweni au avuke kwa feri ya Likoni hadi Mombasa, siku hiyo imekwisha. Akiwa mgema, mvuvi au mtu wa bodaboda, siku asiyotoka kazini haina malipo. Anayemsindikiza naye kaacha kibarua chake Diani.

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipa shilingi 10,650 kwa kila kikao hicho. Kwa saratani, viwango vya 2025 viliipa kila kaya 400,000 kwa mwaka, na zikiisha, 150,000 nyingine kutoka mfuko wa dharura na maradhi sugu. Si haba. Ila pesa hizo huenda hospitalini moja kwa moja. Unga, karo na nauli hazimo.

Pengo hilo liliwahi kumkera Marius Barnard, daktari wa upasuaji wa moyo wa Afrika Kusini, aliyeona wagonjwa wake wakipona huku wamefilisika. Mwaka 1983 bima aliyoipigania ikaanza kuuzwa kwao: ukithibitika una ugonjwa uliotajwa kwenye mkataba, unapewa fedha kwa mkupuo, utumie upendavyo. Hata Kenya inauzwa, mara nyingi kama nyongeza ya bima ya maisha.

Masharti yasomwe kwa makini. Kwa kawaida kuna miezi ya kungoja kabla ya kudai, maradhi uliyokuwa nayo tangu awali hayahesabiwi, na saratani changa huenda isilipwe.

Hata hivyo, tatizo kubwa la Waa ni kalenda. Bima hizi zimeshonwa kwa mwenye mshahara, ilhali huku pesa hufuata msimu: kusi ikivuma mvuvi hukaa bandani, na mvua za masika zikianza hoteli hupunguza watu. SHA yenyewe humdai asiyeajiriwa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, usiopungua 3,600. Wapo pia wanaoiogopa bima kwa sababu ya riba, ingawa takaful, yaani bima ya Kiislamu, ipo Kenya tangu 2011.

Basi familia huangukia harambee. Harambee huchanga vizuri mara ya kwanza; kwa figo, wiki ijayo kuna safari nyingine, na mwenye jamaa wachache hupata kidogo. Vyama vya akina mama na vikundi vya wavuvi vingeweza kununua bima ya pamoja, lakini kampuni itakayowataka itabidi ikusanye Desemba, wageni wanapojaa Diani, na isimfute mtu Mei.