Aliyepewa figo achunguzwe ngozi pia

Mkenya anapobadilishiwa figo, habari zake huenea mbali. Kadi za mchango husambazwa, jamaa na majirani hukutana, ng'ombe huuzwa, na hatimaye huandaliwa ibada ya shukrani. Yanayofuata hayazungumzwi sana. Mgonjwa huyo hana budi kumeza dawa za kudhoofisha kinga ya mwili maadamu figo ile ingali inafanya kazi, kwani bila dawa hizo mwili utaiona kuwa mgeni na kuishambulia. Lakini askari waliotulizwa ili wasiidhuru figo ndio hao hao waliokuwa wakiwinda viini vya maradhi na chembechembe zinazoanza kugeuka saratani. Udhaifu huo aghalabu hujionyesha kwenye ngozi.

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa, uliofanyika Boston, Marekani, mwaka 1954, haukuhitaji dawa hizo kwa kuwa mtoaji na mpokeaji walikuwa pacha wa kufanana. Dawa zilipopatikana, hasa saiklosporini iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983, wagonjwa wengi zaidi walianza kuishi miaka mingi na figo za watu wengine. Ndipo madaktari wa nchi za Wazungu, Australia ikiwemo, walipoona saratani ya ngozi ikiwaandama wagonjwa hao makumi ya mara kuliko watu wengine. Agizo likatolewa: jikinge na jua.

Agizo hilo ni jema, na kwa wenzetu wenye ualbino ni la lazima. Hata hivyo, liliandikwa kwa kumtazama Mzungu. Mtu mweusi hatari humjia kwa mlango mwingine. Uchunguzi uliofanywa Philadelphia, Marekani, miongoni mwa wagonjwa wa rangi mbalimbali, ulionyesha kuwa saratani za ngozi za watu weusi zilitokea zaidi mahali pasipopigwa na jua, sehemu za siri zikiwemo, na nyingi zilihusiana na virusi vya jamii inayoleta chunjua.

Kisha kuna saratani ya Kaposi, ambayo wengi wetu tumezoea kuihusisha na ukimwi pekee. Virusi vinavyoisababisha, vilivyotambuliwa mwaka 1994, vimeenea sana Afrika Mashariki. Hulala mwilini bila madhara hadi kinga inapopunguzwa, nayo dawa ya kulinda figo hufanya hivyo hasa. Huanza kama doa jeusi au la zambarau, mara nyingi mguuni, tena lisilouma. Mgonjwa aliyeonywa kuhusu jua peke yake atavaa kofia, lakini hatavua soksi ajitazame. Na akiliona doa lenyewe, huenda akalificha kwa kuogopa minong'ono ya kijijini.

Kuficha huko ni hasara kubwa, maana ugonjwa huu ukigunduliwa mapema hutibika bila kuipoteza figo. Mwaka 2005 madaktari wa Italia walieleza jinsi wagonjwa 15 walivyoondolewa saiklosporini na kupewa dawa nyingine, sirolimasi. Madoa ya ngozi yalitoweka wote, na figo zao zikaendelea kufanya kazi.

Maradhi madogo nayo yasidharauliwe. Choa, chunjua na mkanda wa jeshi huwasumbua wagonjwa hawa zaidi na kwa muda mrefu. Mgonjwa anayewashwa hukimbilia duka la dawa, naye muuzaji, asiyejua habari ya figo, humpa vidonge vya kuua kuvu kama vile flukonazoli. Vidonge hivyo hupandisha kiwango cha saiklosporini au takrolimasi katika damu, na kiwango kikizidi, figo yenyewe huumia. (Krimu kali zinazouzwa kiholela za kung'arisha ngozi nazo huuficha ugonjwa hata daktari asiutambue.)

Kwa maoni yangu, kliniki zinazowafuatilia wagonjwa hawa zisiridhike kwa kupima damu na mkojo tu. Angalau mara moja kwa mwaka mgonjwa avue nguo, akaguliwe kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, kinywani na sehemu za siri, na muuguzi wa jinsia yake awepo ili kuondoa haya. Ukaguzi huo hauhitaji mtambo wa mamilioni. Wahitajika mwangaza wa kutosha, mlango unaofungika na mhudumu aliyefundishwa jinsi doa la hatari linavyoonekana katika ngozi nyeusi, wala si katika picha za vitabu vya Ulaya. Nazo kamati za michango, zinapopiga hesabu ya upasuaji, ziweke kando fungu la miaka itakayofuata.