Raba miguuni, sikio nyuma!

Mapaja yananiwasha, na sababu mtaijua hapo chini. Wiki mbili tatu hizi kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile: "Shosti, mbona umepungua hivyo, unatumia dawa gani?" Wapo wanaotaka niwatajie duka. Wapo wanaoniangalia kwa jicho la huruma, kama vile wanangoja kuletewa taarifa mbaya. Jamani, hakuna dawa wala ugonjwa. Ni raba za mtumba za Karume na barabara ya Shekilango, basi!

Nakimbia. Siku nne kwa wiki, kutoka kwetu Sinza hadi Bamaga na kurudi. Nilianza baada ya kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kwenda kuomba kazi, nikafika juu siwezi hata kutaja jina langu. Dada wa mapokezi alidhani nimekimbizwa na vibaka. (Kazi sikupata, lakini hayo tuyaache.)

Leo sitawaimbia faida za mazoezi, hizo mnazijua toka mchakamchaka wa shule ya msingi. Nataka niseme na akina dada lile ambalo wanaotuhimiza "fanyeni mazoezi" huwa wanalipita kimya kimya. Mwanamke akitoka kukimbia peke yake, nusu ya nguvu inakwenda miguuni na nusu inakwenda kwenye kuangalia nani yuko nyuma.

Basi sikilizeni yaliyonikuta Julai mwaka jana. Nilikuwa natoka saa 11 alfajiri, eti nisionekane. Nilikuwa naona aibu, maana mwili unacheza, pumzi inalia kama pampu ya baiskeli, sasa nani akuone? Giza nikalifanya shoga yangu. Na mwezi wa saba hapa Dar jua linatoka saa 12 na nusu na ushee, kwa hiyo saa 11 ni usiku mtupu. Barabara kubwa nikaikwepa, nikawa napita uchochoro mmoja hivi kwa sababu hauna magari. Masikioni nimeziba vispika vyote viwili, muziki juu. Kwa ufupi, kila ambalo mtu angeniombea nisifanye, nililifanya.

Pikipiki ikaja nyuma yangu wala sikuisikia. Nilichoona ni kivuli changu kimerefuka ghafla ukutani. Nikasogea pembeni nimpishe. Hakupita. Nikapunguza mwendo, naye akapunguza. Nikaongeza, akaongeza. Nikachomoa kispika kimoja ndipo nikamsikia: "Mtoto, panda nikusogeze, utachoka bure." Nikanyamaza. "Unaringa nini sasa, na hayo mataiti yako?" Nikanyamaza. Akaja sambamba na mimi, akanyoosha mkono, akanishika kiuno.

Asikudanganye mtu kwamba siku hiyo utapigana kama kwenye sinema. Sauti ilikata. Kilichoniokoa ni geti la nyumba ya kona, nikalipiga kwa mikono miwili mpaka likaitika mtaa mzima. Babu mlinzi akatoka na rungu lake: "Nani huyo?" Yule kijana akageuza pikipiki, huyooo! Mie nikakaa chini palepale nikalia kama mtoto. Babu wa watu hakuniuliza nilivaa nini. Alinipa maji kwenye kikombe cha plastiki, akanisindikiza hadi barabara ya taa.

Waliouliza nilivaa nini ni wa kwetu. Mama: "Nilikwambia." Jirani: "Na wewe nawe, mambo ya wazungu hayo." Rafiki yangu kabisa, tunayeazimana mpaka mkufu, akaniambia, "Lakini shosti, ile taiti yako nayo..." Iliniuma kuliko ule mkono. Wiki tatu raba zikalala chini ya kitanda, na mie juu yake.

Sasa hili la taiti. Mwaka 1967 kule Marekani binti wa miaka 20 anaitwa Kathrine Switzer alijiandikisha kwenye mbio za marathoni za Boston, akaandika K. V. Switzer, hivyo hakuna aliyegutuka kuwa ni mwanamke. Wakati ule wakubwa wa mbio hizo hawakutaka wanawake kabisa. Yuko barabarani na namba yake 261 kifuani, afisa mmoja wa mbio akamrukia katikati ya watu ili amng'oe ile namba. Mpenzi wake aliyekuwa anakimbia naye akampiga kikumbo yule afisa, dada akaendelea na kumaliza. Picha zake zipo hadi leo. Na unajua alivaa nini? Suruali ndefu ya mazoezi na sweta zito, vyote vipana! Kwa hiyo anayekwambia ukivaa dera hutaguswa, mwambie akaangalie hizo picha. Boston waliwafungulia wanawake rasmi mwaka 1972.

Narudi Sinza. Aliyenitoa chini ya shuka ni mama mmoja muuza vitumbua karibu na kituo cha daladala. Nilienda kununua vya chai, nikamsimulia. Akanisikiliza huku anageuza vitumbua, kisha akasema, "Mwanangu, mbona wewe unapita kwa siri kama umeiba? Pita hapa. Mimi saa 12 nipo. Ukipita nikuone, usiporudi nitauliza."

Nikaanza upya kwa staili hiyo. Saa yangu sasa ni ile mwanga ukishashika, watu wanakwenda kazini na watoto wa shule wako njiani. Barabara yangu ni ya macho mengi. Namwamkia Mama Vitumbua: "Shikamoo mama!" Ananijibu, "Marahaba, leo umechelewa!" Mbele yuko fundi viatu, halafu wale vijana wa kijiwe cha bodaboda. Naam, bodaboda! Nilijilazimisha kuwasalimia siku ya kwanza huku magoti yanagongana. Siku hizi nisipopita wanauliza dada wa mbio yuko wapi, na kuna asubuhi jamaa mmoja alianza kunipigia miluzi, wakamkalia kooni wenyewe.

Najua wapo watakaosema ukipita njia moja kila siku mtu mbaya atakusoma. Ni kweli, nami nabadilisha siku, na pengine naanzia upande wa pili. Lakini kati ya uchochoro mgeni na barabara yenye watu wanaonijua kwa jina, mimi nimeshachagua.

Mengine niliyojifunza ni madogo madogo. Muziki nasikiliza sikio moja tu, la pili ni la nyuma. Nchini kwetu magari yanapita kushoto, basi wewe kimbia upande wa kulia, uyaone yanayokuja usoni. (Bodaboda hawana kushoto wala kulia, hao uwaombee.) Simu haishikwi mkononi, maana wale vishandu wa pikipiki wanapita nayo kabla hujageuza shingo. Naiweka kwenye kibegi cha kiunoni ndani ya fulana, pamoja na noti ya nauli, ili mguu ukigoma au moyo ukikataa nirudi kwa daladala bila kujieleza. Na kabla ya kutoka namwandikia mdogo wangu: napita wapi, narudi saa ngapi. Ukihisi unafuatwa, usiende nyumbani kumwonyesha unapoishi. Ingia dukani, hotelini kwa mama lishe, getini kwa watu, popote penye watu. Ukionekana chizi shauri yao, omba radhi baadaye.

Na akitokea wa kukushika au kukuandama kwa matusi ya kimwili, usidhani ni "mambo ya mtaani" tu. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kumbughudhi mtu kijinsia ni kosa, hata kwa maneno. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mie sikwenda, kwa aibu, na namba ya ile pikipiki sikuisoma. Hilo bado linanikera.

Haya, tuje kwenye raha, maana usalama bila raha nao ni adhabu. Kwanza kifua. Dada zangu, sidiria ya harusini usikimbilie! Matiti hayana msuli wa kuyashika, yanashikwa na ngozi na nyuzi nyuzi za ndani, na ukikimbia yanakwenda juu, chini na pembeni kwa mpigo. Maumivu yake mnayajua. Ile sidiria ya mazoezi tunayoiona leo ilibuniwa mwaka 1977 na akina dada watatu huko Vermont, Marekani, na ya kwanza kabisa waliishona kwa kuunganisha vikinga viwili vya wanaume, vile vya kushikia sehemu zao nyeti michezoni! Cheka, lakini ilishika. Ukienda kuchagua mtumbani vuta mpira wake, kama umelegea rudisha. Ukifika nyumbani ruka ruka mbele ya kioo. Ikikupiga kidevuni, vaa mbili.

Pili ndiyo hii iliyonichoma wiki hii, mapaja. Wenye mapaja yanayosalimiana mnanielewa. Jasho na chumvi vinasaga ngozi mpaka unatembea kama bata. Paka mafuta ya mgando kabla ya kutoka, katikati ya mapaja, kwapani na chini ya mkanda wa sidiria. Jumapili nilisahau, nikakimbia Daraja la Tanzanite, lile la baharini lililofunguliwa mwaka 2022, nikaendelea hadi Coco Beach. Upepo mtamu, bahari imetulia, mapaja yanalia. Taiti au bukta ndefu ya kubana inasaidia, na juu yake kama unataka vaa fulana ndefu au sketi nyepesi. Anayevaa hijabu achague kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, akibane vizuri kisimzibe masikio. Zile fulana nzito za pamba za bure bure za kampeni waachie madekio, zikilowa jasho zinakuwa na uzito wa ndoo.

Kuanzia Desemba hadi Machi joto la Dar halina mzaha, maji kunywa kabla na baada, na ukiona kizunguzungu au ngozi inasisimka baridi kwenye jua kali, simama kivulini. Siku za hedhi mimi nakimbia kama tumbo halisumbui, na wakati mwingine hata maumivu yanapungua. Navaa rangi nyeusi na pedi ya akiba iko kwenye kibegi. Siku linalosumbua nalala. Na choo? Nenda kabla ya kutoka, dada, barabara zetu hizi hazina huruma hiyo.

Mnaoogopa kuwa peke yenu, vipo vikundi vya joging karibu kila mtaa, wikiendi asubuhi utawasikia kwa nyimbo kabla hujawaona. Humo hakuna wa kukugusa barabarani, na unacheka njia nzima. Tatizo langu nao ni moja, wapo makocha wa kujipachika wanaokurekebisha kiuno wakati wewe umeumia kisigino. Mwambie mbele ya watu wote, kwa sauti: "Kocha, kisigino kiko chini!" Mimi nilishasema hivyo, kikundi kizima kikacheka, na mkono ukarudi ulikotoka.

Nanyi akina kaka mnaosoma kwa kuchungulia, mna kazi ndogo tu. Ukimkuta dada anakimbia mbele yako usimfuate kisiginoni. Hama upande wa pili au msemeshe mapema, "Dada, napita kulia," kisha upite kweli. Hakuna haja ya kumwambia kapendeza, wakati huo hajapendeza na anajua.

Wale wa Sinza mnaotaka kuanza na mimi, Jumamosi saa 12 na nusu nitakuwa pale kwenye vitumbua. Mwendo wangu ni wa polepole, tunaongea. Halafu njooni na hela ndogo, maana yule mama ananidai vitumbua vinne vya juzi, na kasema nikipita tena bila kulipa atanikimbiza yeye mwenyewe hadi Bamaga.