Kupamba pikapu kwa ajili ya njia mbovu: si kila shilingi hurudi

Masika yakikaribia, wenye pikapu wanaokusanya mazao vijijini huanza kuulizana swali moja katika gereji, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Ifakara na Mafinga. Je, ni vema kutia fedha katika tairi za meno makubwa, kuinua gari, kufunga bampa la chuma na winchi, na bomba la hewa linalopanda hadi usawa wa paa? Mafundi na wauza vifaa hujibu kuwa ni vema. Hilo halishangazi, kwani ndiyo biashara yao.

Ukurasa huu unaona kwamba swali hili lijibiwe kama lile la mashine ya kukoboa au ghala: fedha itakayotoka leo itarudi lini, na kupitia mlango gani? Anayetaka gari la kupendeza siku ya harusi ana haki yake, lakini asiandike gharama hiyo katika daftari la biashara.

Tuchukue mfano wa mnunuzi wa mpunga anayetumia Hilux ya milango minne, yenye uwezo wa kubeba takriban tani moja, akitoka vijiji vya bonde la Kilombero. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila msomaji aweke bei aliyopewa yeye. Tuseme anakwenda safari 60 kwa mwaka za kilomita 200 kila moja, kwenda na kurudi. Katika hizo, safari 8 hunasa kwenye tope. Kila akinasa hulipa sh. 80,000 za trekta na hupoteza siku yenye thamani ya sh. 150,000. Kunasa kunamgharimu sh. 230,000 kwa mara moja, yaani sh. 1,840,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo fedha yote inayogombewa. Kifaa chochote hakiwezi kuokoa zaidi ya hapo, hata kingesifiwa vipi.

Tuanze na tairi. Seti ya kawaida tuseme ni sh. 1,600,000, na ya meno makubwa ni sh. 2,400,000. Kwa kuwa tairi zingenunuliwa kwa vyovyote vile, gharama ya uamuzi huu ni tofauti tu, sh. 800,000. Ikiwa tairi hizo zitapunguza kunasa kutoka mara 8 hadi 3, zimeokoa sh. 1,150,000. Tutoe mafuta ya ziada, maana meno makubwa huzunguka kwa uzito zaidi: gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita hutumia lita 1,200 kwa mwaka, na ongezeko la asilimia 5 ni lita 60, ambazo kwa sh. 3,000 ni sh. 180,000. Kinachobaki ni sh. 970,000. Tairi zimejilipa kabla mwaka haujaisha.

Ila zinunuliwe za kipimo kile kile cha gari. Wengi huvutiwa na tairi kubwa zaidi. Hilux iliyotoka kiwandani na 265/65R17 ikivishwa 285/70R17, kipenyo cha tairi huongezeka kwa asilimia 7 hivi. Hapo kipimo cha mwendo hudanganya. Gari likiwa limekwenda kilomita 107, dashibodi huandika 100. Anayetoza kwa kilomita anajipunja mwenyewe, na dereva anayedhani yuko kwenye mwendo wa 80 yuko kwenye 85 na zaidi. Breki na giaboksi nazo hufanya kazi ngumu kuliko ile zilizoundiwa.

Sasa bampa la chuma na winchi. Tuseme ni sh. 3,000,000 pamoja na kufunga. Mafundi wachache humwambia mteja kwamba vitu hivyo viwili kwa pamoja vinaweza kufikia kilo 100. Uzito huo huhesabiwa ndani ya uzito wote ambao gari limeruhusiwa kuwa nao. Kilo 100 ni gunia moja, na hapa hatusemi lumbesa. Ina maana gari linatembea siku zote, kiangazi na masika, likiwa limebeba gunia moja la chuma ambalo halina mnunuzi. Kwa nauli ya sh. 5,000 kwa gunia na safari 60 zilizojaa, ni sh. 300,000 zinazopotea kwa mwaka. Winchi ikipunguza zile mara 3 zilizobaki hadi 1, imeokoa sh. 460,000. Ukitoa lile gunia, zinabaki sh. 160,000. Kwa mwendo huo, sh. milioni 3 zitarudi baada ya karibu miaka 19. Ikiwa fedha ni ya mkopo wa riba ya asilimia 18, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni sh. 540,000. Winchi hiyo haitajilipa kamwe.

Wapo ambao hesabu hii haiwahusu. Anayekwenda peke yake kwenye machimbo ya mbali upande wa Chunya, au anayepeleka wageni mbugani ambako hakuna trekta wala kijiji, akinasa hapotezi siku moja bali tatu, na pengine mteja pia. Huyo winchi ni chombo chake cha kazi. Lakini mnunuzi wa mpunga ambaye kila kilomita chache ana kijiji chenye vijana, jembe na trekta la jirani, winchi yake iko tayari barabarani na hulipwa pale tu inapotumika.

Kuinua gari ndiko kunakopendwa kuliko yote, na ndiko tunakokutilia shaka zaidi. Hilux za toleo la Vigo, lililoanza mwaka 2004, na zilizofuata zenye kuvuta kwa magurudumu yote, kila gurudumu la mbele lina mkono wake na shafti yake. Gari likiinuliwa kupita kiasi, shafti hizo hukaa kwa pembe kali, mipira inayofunika viungo hupasuka, tope huingia, na mwenye gari hurudi gereji. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zina ekseli nzima mbele, kwa hiyo hazina tatizo hilo hasa, lakini zote mbili zikiinuliwa kitovu cha uzito hupanda. Pikapu yenye magunia juu na kitovu cha uzito kilichopanda haitaki kona ya haraka.

Kuongeza majani ya springi za nyuma ni jambo tofauti. Springi zilizochoka zibadilishwe, pamoja na shokapu, kwani gari linaloburuza makalio hugusa kila jiwe. Hata hivyo jani la ziada haliongezi uwezo wa kubeba. Linaficha tu kwamba gari limezidiwa. Breki, ekseli na chesesi zimebaki zile zile, na chesesi za milango minne zinazobebeshwa mno nyuma ya ekseli hupinda au kupasuka nyuma ya kebini. Hapo springi ya bei nafuu inakuwa imeua gari zima.

Bomba la hewa la kupanda juu lina faida moja ya kweli nyakati za vumbi, kwani hewa ya juu ni safi zaidi na chujio huishi muda mrefu. Faida ya pili, ya kuvuka maji, ndiyo inayouzwa sana na ndiyo ya hatari. Ni kweli kwamba maji yakiingia kwenye silinda, injini hugoma na vyuma vya ndani hupinda, na bomba huzuia hilo. Bomba halizuii mkondo. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 yanaweza kusomba pikapu, bomba likiwa limesimama wima. Waliokuwa Rufiji wakati wa mafuriko ya Aprili 2024 hawahitaji kuelezwa. Mwenye gari anayemfungia dereva wake bomba hilo amwambie pia, tena mbele ya watu, kwamba hatadaiwa kwa mzigo uliochelewa kwa sababu alisubiri maji yapungue.

Kuna vitu vya bei ndogo ambavyo muuzaji havisemi kwa sababu havina faida kwake. Kupunguza upepo kwenye tairi, kutoka 35 hadi karibu 25 gari likiwa na mzigo, au 20 likiwa tupu, kwa mwendo wa polepole, huongeza mshiko kwenye mchanga na tope laini. Haigharimu kitu zaidi ya pampu ndogo ya kurudishia upepo kabla ya kufika lami. Sepeto, mbao mbili na kamba imara ya kuvutia humaliza shida nyingi. Na kabla ya kununua pikapu, mtu aangalie kama difu ya nyuma ina kifungo. Gurudumu moja likizunguka bure kwenye tope, difu isiyofungwa hupeleka nguvu huko huko, hata tairi zingekuwa mpya.

Jambo jingine ni umri wa barabara yenyewe. TARURA ilianzishwa mwaka 2017 kushughulikia barabara za vijijini na mijini, na mwaka 2021 iliongezwa tozo ya sh. 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya kazi hiyo. Mfanyabiashara anayefunga vifaa vya milioni 9 analipia barabara ile ile mara mbili, kwenye pampu na kwenye gereji. Kabla ya kulipa mara ya pili aulize halmashauri kama njia yake imo kwenye mpango wa changarawe, maana greda likipita, kunasa mara 8 kunaweza kuwa mara 2 na hesabu yote ikageuka.

Kwa atakayeamua kufunga hata hivyo, aiarifu kampuni ya bima kwa maandishi kabla gari halijatoka gereji, na adai nakala yenye mhuri. Ajali ikitokea, mkaguzi wa bima ataangalia kwanza kile ambacho hakikuandikwa.