Aliyewapitisha Twiga ni Nani?

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Kila mwaka wageni kutoka Ulaya, Marekani na kwingineko hushuka katika Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, wakija kuwaona wanyama wetu. Fedha wanazoziacha humlisha mpagazi wa mlimani, mpishi, dereva, na mama auzaye mboga kwenye hoteli. Utalii ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya fedha za kigeni za Tanzania. Lakini mwenyeji atapona vipi, iwapo waliokabidhiwa ghala ndio wanaoliuza?

Katika uwanja huohuo, mwezi Novemba 2010, ndege ya kijeshi ya Qatar ilipakia wanyama hai zaidi ya mia moja, wakiwamo twiga wanne, ikaondoka nao. Twiga ni mnyama wa taifa letu, tena si kitu cha kufichwa kikapuni. Ili apande ndege, sharti mmoja amkamate porini, mwingine amsafirishe barabarani, mwingine agonge muhuri, na mwingine afungue lango. Lango lililompokea mgeni aliyekuja kumwona twiga ndilo lililomtoa twiga.

Wengi husema kwamba rushwa ya wakubwa hudhuru utalii kwa kuwa huchafua jina la nchi. Ni kweli, lakini hilo ni dogo. Dhara lililo kubwa zaidi ni kwamba rushwa hukiuza kile kile ambacho mgeni amekifuata. Katika eneo la Selous na Mikumi, hesabu ya mwaka 2009 ilikuta tembo wapatao 39,000. Ile ya mwaka 2013 ilikuta 13,000 tu. Mwaka 2014 UNESCO iliitia Selous katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Pembe hizo zilisafirishwa ndani ya makontena, na kontena halivuki bandari bila karatasi yenye saini.

Na ni nani aliyelipa? Mwezi Oktoba 2013 Serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, Bunge lilipokea taarifa ya wananchi waliouawa, walioteswa, wanawake waliobakwa na mifugo iliyoangamizwa. Mawaziri wanne walipoteza nyadhifa zao. Hivyo maskini aliadhibiwa mara mbili: kwanza kwa kuibiwa mali ya nchi yake, kisha kwa kupigwa kana kwamba yeye ndiye mwizi.

Tunakiri kwa shukrani kwamba katika miaka iliyofuata ujangili ulipungua, na mwaka 2019 mahakama jijini Dar es Salaam ilimfunga mfanyabiashara mkubwa wa meno ya tembo. Hiyo ni dalili kwamba haki inawezekana pale panapokuwa na nia. Lakini mnunuzi hawezi kununua pasipo muuzaji, wala kupita pasipo mfungua mlango.

Kwa hiyo tunawasihi ndugu zetu wanaoishi kandokando ya hifadhi: msiache mikutano mikuu ya vijiji ikapita kimya. Ulizeni kitalu kimekodishwa kwa nani, kwa mkataba gani, na fungu la kijiji limetumikaje. Mapato na matumizi yasomwe hadharani, mbele ya wote.

Na wakati wa uchaguzi ufikapo, tukumbuke kwamba anayenunua kura hutafuta pa kurudishia fedha yake. Porini hakuna mashahidi wengi. Kwa mtu wa namna hiyo, porini ni mahali pazuri pa kuanzia. Anayepokea kilo ya sukari na kanga ili ampigie kura huyo, naye ameshika kamba iliyomvuta twiga hadi kwenye ndege.