Aiskrimu ya Kukaanga na Usalama wa Karai la Mafuta

Aiskrimu ya kukaanga ni kitindamlo kilichozoeleka kwa muda mrefu katika mikahawa, hasa ile ya Marekani inayouza vyakula vya Kimeksiko na vya Kichina. Asili yake inabishaniwa, na wapo wanaoihusisha na maonyesho ya dunia yaliyofanyika Chicago mwaka 1893. Leo maelekezo ya kuitengeneza yanapatikana kwenye simu ya mkononi. Familia yenye friza, jiko la gesi na lita moja au mbili za mafuta inaweza kuijaribu jioni ya sikukuu, huku watoto wakisubiri kwa hamu kuona barafu ikitoka motoni ikiwa bado barafu.

Namna ya kuitengeneza haina ugumu. Aiskrimu huchotwa na kuviringishwa kuwa tonge la ukubwa wa chungwa dogo, kisha hugandishwa usiku kucha hadi iwe ngumu kama jiwe. Tonge hilo huchovywa katika yai lililopigwa, hugaragazwa katika chenga za biskuti au za mkate mkavu, hurudishwa kwenye friza, kisha hufunikwa kwa tabaka la pili. Mwisho hutumbukizwa katika mafuta yenye joto la takriban sentigredi 180 kwa sekunde 10 hadi 20, na kuopolewa mara ganda linapogeuka rangi ya dhahabu. Huliwa papo hapo.

Siri ya tonge kutoyeyuka iko katika mambo mawili. Chenga hubeba hewa katikati yake, na hewa hupitisha joto kwa shida. Aidha, barafu huhitaji joto jingi ili iyeyuke: joto linalotosha kuyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kuyapandisha maji ya uzito huo huo kutoka sentigredi 0 hadi 80. Sekunde 15 hazitoshi kwa kazi hiyo. Ganda huiva na kiini hubaki baridi.

Hata hivyo, kanuni hiyo hiyo inayoikinga aiskrimu huyakinga pia mayai mabichi yaliyo chini ya ganda. Ili chakula kiwe salama kinapaswa kufikia sentigredi 70 hadi ndani, na tabaka la yai lililogusana na barafu halifikii kiwango hicho. Kugandisha nako hakuui vimelea vya salmonela, huvilaza tu. Kwa mlaji mwenye afya njema hatari ni ndogo. Kwa mtoto mchanga, mjamzito, mzee, mgonjwa wa selimundu au mtu ambaye kinga yake imedhoofika, ni busara yai lisitumike kabisa, na njia ya kuliepuka itaelezwa baadaye.

Chakula cha namna hii kinapotajwa katika kliniki, neno la kwanza huwa sukari, na la pili huwa mafuta mwilini. Maneno hayo ni ya kweli, na mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu ana haki ya kuyasikia. Lakini sukari na mafuta yaliyoliwa huudhuru mwili kwa miaka, na tonge moja la sikukuu si chanzo cha maradhi hayo. Mafuta yaliyo ndani ya karai hudhuru kwa sekunde moja. Kwa sababu hiyo, ushauri wa kiafya kuhusu aiskrimu ya kukaanga unapaswa kuanza na karai kabla ya kufika kwenye sahani.

Hatari yenyewe inaeleweka kwa urahisi. Maji yanapogeuka mvuke huchukua nafasi kubwa zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Aiskrimu ina maji mengi. Ganda likiwa na ufa, au tonge likiwa halikugandishwa vya kutosha, maji hayo huvuja na kuzama chini ya mafuta, na papo hapo hulipuka kuwa mvuke unaorusha mafuta juu. Karai likiwa limejazwa mno, mafuta hufurika na kuukuta moto ulio chini. Mtu aliyeshtuka akiyamwagia maji mafuta yanayowaka, huurudia mlipuko ule ule kwa kiasi kikubwa zaidi, na moto hufika darini.

Mazingira ya upishi huu huiongeza hatari hiyo. Maandazi hukaangwa na mama peke yake alfajiri watoto wakiwa wamelala, lakini aiskrimu ya kukaanga hukaangwa ili itazamwe. Watoto huitwa wasogee. Sekunde ni chache, sahani lazima ziwe tayari, na mpishi hugeuka huku na huku kwa haraka. Katika nyumba nyingi jiko huwekwa sakafuni, na hapo mdomo wa karai huwa usawa wa kifua cha mtoto wa miaka miwili.

Tangu utafiti wa Moritz na Henriques uliochapishwa mwaka 1947, inajulikana kwamba maji ya sentigredi 60 huweza kuiunguza ngozi ya mtu mzima kwa kina katika muda wa sekunde 5 hivi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Mafuta ya sentigredi 180 hayatoi hata nafasi ya kurudisha mkono, na kwa kuwa ni mazito hung'ang'ania ngozini na kuendelea kuunguza. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu wapatao 180,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuungua, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba wanawake na watoto huungulia zaidi jikoni. Wanaopona nao hawatoki wote salama. Kovu la kiganja hujikunja kadiri mtoto anavyokua, vidole hushindwa kunyooka, na mkono uliopaswa kushika kalamu huhitaji upasuaji na mazoezi ya viungo kwa miaka.

Jambo la pekee katika upishi huu hujitokeza baada ya ajali. Jikoni kumejaa barafu. Aliyeungua, au mzazi wake, huona dawa mbele ya macho yake: moto umeunguza, basi baridi kali ipoze. Mkono hubanwa kwenye barafu au hutumbukizwa ndani ya friza. Hilo ni kosa. Baridi kali huibana mishipa ya damu, hivyo ngozi iliyokwisha kujeruhiwa hunyimwa damu inayohitaji ili ipone, na jeraha ambalo lingekuwa la juujuu huzama zaidi.

Dawa ya kwanza ni maji ya kawaida ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20 kamili, mbali na karai. Pasipo na bomba, ndoo na kopo hutosha, maji yakimiminwa polepole bila kukoma. Hata kama saa moja au mbili zimepita, kupoza kwa maji bado kuna faida hadi saa 3 tangu kuungua. Nguo iliyolowa mafuta ivuliwe, isipokuwa pale iliponata kwenye ngozi; pete na bangili zitolewe kabla uvimbe haujaanza. Wakati sehemu iliyoungua inapozwa, mwili mwingine wa mtoto ufunikwe asishikwe na baridi, na endapo eneo lililoungua ni kubwa, kupoza kusirefushwe hadi joto la mwili likashuka. Kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kikavu na malengelenge yasipasuliwe.

Dawa ya meno, unga, ute wa yai na manyoya ya sungura havina nafasi katika huduma ya kwanza. Huleta vijidudu na humlazimu muuguzi kukwangua jeraha ili aone kina chake, jambo linalomwongezea mgonjwa maumivu. Kuungua usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye maungio ni sababu ya kwenda kituo cha afya bila kusubiri. Vilevile jeraha lolote linalozidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, na kuungua kwa mtoto mchanga hata kukiwa kudogo. Huko kinga ya pepopunda pia itaangaliwa.

Yupo atakayesema kwamba aiskrimu ya kukaanga ni anasa ya wachache na haistahili muda wa mhudumu wa afya. Hoja hiyo inasahau kwamba karai ni lile lile. Nyumba zenye friza zinaongezeka mijini, na pamoja nazo umeongezeka mtindo wa kukaanga vitu vilivyoganda. Sambusa zilizotengenezwa kabla ya Ramadhani hutolewa kwenye friza na kutiwa katika mafuta jioni ya futari. Samaki na viazi huingia karaini vikiwa na utando wa barafu. Barafu hiyo huruka kama ile ya aiskrimu. Anayejifunza kwa nini tonge la aiskrimu hulipuka amejifunza pia kuifuta sambusa na kumkausha samaki kabla ya kukaanga.

Yupo pia atakayependekeza katazo: aiskrimu isikaangwe nyumbani, basi. Katazo lina wepesi wake, lakini halifiki jikoni. Mama aliyeambiwa kwamba karai ni hatari ataendelea kukaanga, kwa kuwa familia itakula na pengine ada ya shule hutoka kwenye vitumbua hivyo hivyo. Atakayesikilizwa ni mhudumu anayejua jinsi karai linavyotumika na anayesema hatua kwa hatua lipi lifanywe.

Hatua zenyewe ni chache. Tonge ligandishwe usiku kucha, lifunikwe mara mbili, na likaguliwe lisiwe na ufa. Itumike sufuria yenye kina badala ya karai pana, na mafuta yasizidi theluthi moja ya kina hicho. Jiko liwe juu ya meza imara, na mpini wa sufuria uelekezwe ukutani. Watoto wakae nje ya mlango. Kama ni lazima watazame, watazame kutoka huko. Tonge lishushwe moja moja kwa kijiko chenye matundu kirefu, lisidondoshwe kwa mkono. Mafuta yakianza kutoa moshi, moto uzimwe. Mfuniko unaoenea sufuria uwe karibu tangu mwanzo. Mafuta yakishika moto, gesi ifungwe ikiwa inafikika kwa usalama, sufuria ifunikwe na kuachwa palepale hadi ipoe. Isibebwe kupelekwa nje, na isimwagiwe maji. Baada ya kukaanga, mafuta hubaki na uwezo wa kuunguza kwa muda mrefu, kwa hiyo yasihamishwe wala kumiminwa kabla hayajapoa kabisa.

Na kwa nyumba yenye watoto wadogo na jiko la sakafuni iko njia inayoondoa karai kabisa. Chenga za biskuti au za mkate hukaangwa katika kikaango kwa kijiko kimoja cha siagi na mdalasini kidogo, zikigeuzwa kwa mwiko hadi zibadilike rangi. Zikishapoa, tonge la aiskrimu hugaragazwa humo na kuliwa. Ganda hukauka na kuwa na ladha ya kukaangwa, yai halihitajiki, na hakuna mafuta ya kuruka. Linalokosekana ni yale mastaajabu ya barafu kutoka motoni, na hayo hayalingani na kiganja cha mtoto.

Mahali pa kuyasema haya papo tayari. Mama anayeleta mtoto kwa chanjo huulizwa kuhusu unyonyeshaji, chandarua na maji ya kunywa. Swali moja likiongezwa, kwamba karai la mafuta huwekwa wapi na mtoto huwa wapi wakati wa kukaanga, mazungumzo yatafunguka yenyewe. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeingia nyumbani anaweza kuonyesha kwa sufuria tupu jinsi ya kuelekeza mpini na kuweka mfuniko karibu. Muuguzi wa wodi ya majeraha ya moto, ambaye huisikia habari ya karai kutoka kwa mzazi baada ya jambo kutokea, ana maarifa ambayo yangefaa kusikika kabla. Nao wanaofundisha mapishi wanadaiwa sehemu yao: anayeeleza sekunde 15 za kukaanga angetaja pia dakika 20 za maji.