Msitu wa Dzalanyama, mkaa wa Lilongwe na usalama wa nchi

Malawi haina vita, lakini wanajeshi wake wamewahi kupelekwa kulinda miti. Msitu wenyewe ni Dzalanyama, kusini-magharibi mwa Lilongwe, mpakani na Msumbiji. Huko ndiko unakoanzia mto Lilongwe, ambao maji yake hukusanywa katika mabwawa ya Kamuzu I na II na kusambazwa na Bodi ya Maji ya Lilongwe. Doria za jeshi zilianza katikati ya miaka ya 2010, wachoma mkaa walipozidi uwezo wa walinzi wa misitu. Msitu ukiisha, mji mkuu unakosa maji, na hilo ni suala la usalama.

Hata hivyo, doria haijibu swali kubwa: kwa nini mkaa una soko? Zaidi ya kaya 9 kati ya 10 nchini hupikia kuni au mkaa. Januari 2022, dhoruba Ana iliharibu bwawa la umeme la Kapichira kwenye mto Shire, na karibu megawati 130 zikapotea kwenye gridi kwa muda mrefu. Umeme ukikatika, hata familia yenye jiko la umeme mjini hununua mkaa. Vilima vikibaki vitupu, mvua hushusha udongo mitoni na mabwawa hujaa matope, kisha umeme hupungua tena. Mwaka uliofuata, kimbunga Freddy kilionyesha gharama ya mwisho: zaidi ya watu 1,000 walifariki au kupotea, wengi wao kwa mafuriko na maporomoko ya udongo kusini mwa nchi.

Viwanda navyo vina sehemu yao. Anayetoka Dzaleka kwenda Lilongwe hupita Kanengo, penye maghala na soko la mnada wa tumbaku. Tumbaku ndiyo zao linaloiingizia Malawi fedha nyingi zaidi za kigeni. Aina ya Virginia hukaushwa kwa moto, na burley hukaushwa kwa hewa katika mabanda ya nguzo za miti. Kampuni nyingi hununua kwa mkataba, hivyo zina uwezo wa kudai kwamba kuni na nguzo zitoke kwenye miti iliyopandwa, na kumsaidia mkulima kuipanda. Sheria ya misitu iliyorekebishwa mwaka 2020 iliongeza adhabu kwa makosa ya mkaa. Lakini anayekamatwa kirahisi ni kijana mwenye gunia kwenye baiskeli.

Hapa Dzaleka jambo hili linatugusa moja kwa moja. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi kambini, na usalama wa taifa ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotolewa. Kila familia iliyorudi ilihitaji kuni. Mama akienda kuzitafuta, anafika kwenye shamba la mwenyeji ambaye naye hana kuni za kutosha, na ugomvi huanza hapo.

Ni rahisi kusema kwamba wakimbizi ndio waliomaliza miti ya Dowa. Lakini wilaya hii ilikuwa ya tumbaku kabla kambi haijakuwepo. Hilo halituondolei wajibu: sufuria za watu 50,000 si jambo dogo. Mashirika pia yana deni. Kumpa mtu fedha za mahindi na maharage bila kufikiria maharage hayo yataivaje ni kumtuma porini.

Wenyeji wetu wana jiko la udongo linaloitwa chitetezo mbaula, linalotumia kuni chache kuliko mafiga matatu. Neno chitetezo kwa Kichewa maana yake ni ulinzi. Jiko hilo hufinyangwa vijijini, hivyo kambi ikinunua, fedha hubaki kwa majirani.

Viongozi wa jumuiya na machifu wakikaa na mashirika, kampuni au wilaya, wana maswali matatu ya kuuliza. Bajeti ya chakula ina fungu la nishati? Miche inayopandwa inatunzwa na nani baada ya mvua kuisha? Na mwenyeji na mkimbizi watagawanaje kuni za miti hiyo ikikua? Yasipojibiwa, ugomvi wa kuni utaendelea hata doria zikiongezwa.